Hilux ya 5L inagonga upande wa mbele: fundi anasema ni beringi za konrodi. Je, nishushe injini?

MicheNjombe aliuliza:

Habari za leo, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wenu kabla sijafanya uamuzi ambao unaweza kunigharimu msimu mzima.

Nina pikapu ya Toyota Hilux yenye injini ya 5L, ile dizeli ya sentimita za ujazo 2,986 isiyo na turbo. Nimeitumia kwa miaka sita kubebea miche ya parachichi kutoka Njombe kwenda Iringa, na mara nyingine hadi Morogoro. Wiki tatu zilizopita nilianza kusikia kelele ya chuma kwa chuma upande wa mbele wa injini. Si mlio wa kugonga mmoja mmoja mzito, bali ni mgongano wa harakaharaka, kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya kopo la bati. Asubuhi, baridi ya huku kwetu ikiwa kali, kelele huwa kubwa mno, kisha hupungua kidogo injini ikipata moto, ingawa haiishi. Gari likiwa limesimama kwenye silensa, bila kukanyaga mafuta, inasikika waziwazi. Nikikanyaga mafuta inageuka kuwa mvumo mmoja ambao siwezi tena kuutenganisha na sauti ya injini yenyewe.

Moshi ni wa kawaida, nguvu haijapungua, na taa ya oili huzimika mara tu ninapowasha. Ninaongeza oili karibu nusu lita kila wiki, jambo ambalo zamani halikuwapo. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa taa yake ilipowaka kwenye kilomita 100,000, na tangu hapo gari limetembea kilomita 60,000 hivi.

Fundi wa kwanza alisikiliza kwa dakika mbili, akasema ni beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na krankishafti, mhimili mkuu wa injini), injini ishuke na krankishafti ipelekwe kuchongwa. Gharama aliyoitaja inazidi shilingi milioni 3. Fundi wa pili alisema ni nozeli zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda, kwa sababu nilimwambia kwamba mwezi uliopita niliishiwa mafuta njiani nikalazimika kununua dizeli ya madumu. Sasa nimebaki katikati, na miche elfu mbili inasubiri kupelekwa kwa wateja.

Kuna jambo jingine ambalo huenda halihusiani: nilipokuwa nikishuka mlima wa Kitonga, kati ya Iringa na Morogoro, nikiwa na mzigo, pedali ya breki ilikuwa ngumu kuliko nilivyozoea. Nimebadilisha pedi za mbele lakini sijaona tofauti.

DerevaMakambako alijibu:

Pole sana, kaka. Mimi nina Hilux pia, ila ya D-4D, na niliwahi kupata kelele ya namna hiyo asubuhi. Kwangu ilikuwa ni zile washa za shaba, pete bapa zinazokaa chini ya nozeli. Zilikuwa zimechoka, gesi ya mwako ikawa inapenya, masizi yakaingia kwenye oili na kuanza kuziba chujio la kunyonyea oili lililo kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Nilibahatika kugundua mapema, kwa sababu chujio hilo likiziba kabisa injini inakosa oili na inakwisha. Ningekushauri ufungue nozeli zote nne, ubadilishe washa zake, na ushushe sampu uangalie chujio. Usisubiri.

DizeliIringa alijibu:

Ndugu DerevaMakambako amesema kweli kuhusu injini yake, lakini ugonjwa huo ni wa 1KD, injini yake ya D-4D, ambayo ina reli ya pamoja (bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote) na nozeli zinazoamriwa kwa umeme. 5L ni injini ya mtindo wa zamani: pampu ya kimakanika inasukuma dizeli kwa zamu kwenye mabomba manne ya chuma, na nozeli hufunguka kwa nguvu ya shinikizo lenyewe. Kwa hiyo MicheNjombe asianze kushusha sampu kwa sababu ya historia ya gari jingine.

Uzuri wa injini hii ni kwamba inakuruhusu kuihoji silinda moja baada ya nyingine bila kompyuta yoyote. Washa injini, iache kwenye silensa, kisha kwa spana legeza kidogo nati ya bomba linaloingia kwenye nozeli ya kwanza, kiasi cha robo mzunguko, mpaka dizeli ianze kuchuruzika. Silinda hiyo itaacha kuchoma na injini itatikisika. Sikiliza. Kelele ikikatika au ikipungua sana, chanzo kimo ndani ya silinda hiyo: ama nozeli inatema badala ya kunyunyiza, ama beringi ya konrodi ya silinda hiyo imelegea, kwa kuwa umeiondolea ule mshindo wa mwako unaoisukuma. Kaza, nenda kwenye ya pili, kisha ya tatu na ya nne. Kama kelele haibadiliki hata kidogo kwenye silinda zote nne, basi nozeli zimepona, na mashaka juu ya beringi za konrodi yanapungua mno. Vaa miwani ya kukinga macho, funika nati kwa kitambaa, na usiweke kidole mbele ya mchuruziko. Nawasihi wenye D-4D wasijaribu jambo hili kamwe: shinikizo la mle ndani linaweza kupitisha dizeli kwenye ngozi na kukuharibia mkono.

Kuhusu kutofautisha kwa masikio, hesabu inasaidia. Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, kila silinda inachoma mara 375 tu, yaani kama mara sita kwa sekunde. Nozeli moja mbovu inagonga kwa mwendo huo, mwendo ambao mtu anaweza karibu kuufuatisha kwa kupiga meza. Beringi ya konrodi hugonga kwa uzito, na kwa kawaida hugonga zaidi oili ikipata moto na kuwa nyepesi, hasa gari likiwa na mzigo mlimani. Wewe umetuambia kelele yako ni ya harakaharaka na inapungua injini ikipata moto. Maelezo hayo hayafanani na beringi ya konrodi, na ninashangaa kwamba injini ilitaka kushushwa kwa kusikilizwa dakika mbili.

Dizeli ya madumu nayo tusiidharau. Ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, inakosa ule utelezi ambao pampu inautegemea, kwa sababu pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe wala haina oili yake. Tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, uchakachuaji vituoni umebanwa, lakini dumu la barabarani halina anayelipima. Badilisha chujio la dizeli na umwage maji yaliyotuama chini yake, hata kama kelele itatokea kwingine.

MzeeWaSpana alijibu:

Kijana wangu, nimesoma swali lako mara mbili, na jibu umeliandika mwenyewe kwenye aya ya mwisho, pale uliposema huenda halihusiani.

Injini ya petroli ina kipepeo kinachobana hewa, kwa hiyo inajitengenezea mvuto ambao buusta ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, inautumia. Dizeli kama yako haina kipepeo hicho. Hewa inaingia wazi wakati wote. Ndiyo maana Toyota waliweka pampu ndogo ya kuvuta hewa, na kwenye injini za 2L, 3L, 5L na hata 1HZ ya Land Cruiser, pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta inayozalisha umeme wa gari, na inazungushwa na mhimili uleule wa altaneta. Ndani yake kuna rota yenye mapezi yanayoteleza kutoka na kuingia huku yakifuata ukuta. Inalainishwa na oili ya injini inayoletwa na bomba jembamba, na oili hiyo inarudi kwenye sampu kwa bomba nene la mpira.

Sasa unganisha mambo yako matatu. Mapezi yakichakaa au rota ikikosa oili, pampu inagonga harakaharaka, kwa sababu puli ya altaneta ni ndogo kuliko ya krankishafti na hivyo inazunguka kwa kasi kubwa zaidi. Mvuto unapungua, na pedali inakuwa ngumu hasa mahali unapokanyaga breki mara nyingi mfululizo, kama kwenye kona za Kitonga. Sili ya pampu ikichoka, oili inavuja kuelekea kwenye altaneta, na hiyo huenda ndiyo nusu lita yako ya kila wiki. Sauti, pedali na oili: vyote vitatu vinakutana nyuma ya altaneta.

Usiniamini kwa maneno, pima. Kwanza, injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu kabisa. Acha mguu ukiwa juu yake, kisha washa injini. Pedali inapaswa kuzama chini ya mguu wako papo hapo. Ikichelewa, au isipozama, mvuto ni hafifu. Hapo angalia pia bomba linalokwenda kwenye buusta na ile valvu yake ya njia moja, kwa maana mpasuko wa bomba nao unaleta ugumu uleule wa pedali.

Pili, chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye mwili wa altaneta na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Halafu hamishia kwenye kifuniko cha tapeti, kwenye pampu ya dizeli, kwenye pampu ya maji. Tahadhari na feni, na usivae kitu kinachoning'inia.

Tatu, na hiki ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko vyote: injini ikiwa ya baridi, legeza altaneta, vua mikanda inayoizungusha, kisha washa kwa muda usiozidi dakika moja. Mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hiyo usiiache injini iendelee kuunguruma. Kelele ikipotea, injini yako haina kosa. Lakini hapo usikimbilie dukani, maana umenyamazisha vitu viwili kwa pamoja: altaneta na pampu ya maji. Zungusha kila puli kwa mkono na uitikise mbele na nyuma. Inayokwaruza au inayocheza ndiyo mgonjwa.

Na ikiwa pedali haizami kama nilivyoeleza, usilishushe gari hilo Kitonga na miche elfu mbili. Wateja wako watasubiri.

MicheNjombe aliandika:

Shikamoo, mzee wangu, na nakushukuru sana, pamoja nawe DizeliIringa. Nimefanya kipimo cha pedali sasa hivi. Ilichukua muda mrefu kuzama, na ilizama nusu tu. Kesho alfajiri, kabla jua halijapasha injini, nitavua mikanda. Je, nikikuta ni pampu, inawezekana kuifungua peke yake bila kununua altaneta nzima? Na gari linaweza kutembea kilomita 10 hadi gereji?

MzeeWaSpana alijibu:

Marahaba. Pampu inafunguka peke yake. Imeshikwa na boliti chache nyuma ya altaneta, ila ni rahisi zaidi kuishusha altaneta nzima na kuifanyia kazi mezani. Tenganisha betri kwanza. Ukilegeza bomba la oili, weka chombo chini na uangalie washa za boliti yenye tundu, usizitumie tena za zamani.

Kuhusu kilomita 10: kama njia ni tambarare na gari ni tupu, nenda taratibu ukitumia gia kupunguza mwendo, ukijua kwamba breki bado zipo ila zinadai nguvu ya mguu wako wote. Kama kuna mteremko, mlete fundi nyumbani.

DizeliIringa aliandika:

Nakubaliana na mzee, na naomba nikiri kwamba ile aya ya breki niliipita bila kuifikiria. Naongeza jambo moja tu. Ukishafungua, usiishie kwenye mapezi. Uliza kwa nini yamekufa. Pampu nyingi ninazoletewa hazikufa kwa uzee bali kwa kiu, na ukifunga mpya bila kuzibua njia ya oili, itarudi kugonga baada ya miezi michache.

MicheNjombe aliandika, siku tatu baadaye:

Ndugu zangu, narudi na majibu, na nitaeleza kwa urefu kidogo ili mwenye tatizo kama langu apate pa kuanzia.

Alfajiri ya siku ile nilivua mikanda, nikawasha. Kelele ilikatika kabisa. Nilikuwa nimeizoea kwa wiki tatu, kiasi kwamba nilipoisikia injini ikinguruma peke yake, sauti ya dizeli ya kawaida iliyotulia, nilizima kwa sekunde chache nikawasha tena ili kuhakikisha kwamba masikio yangu hayanidanganyi. Puli ya pampu ya maji ilizunguka laini bila kucheza. Ya altaneta ilikuwa inakwama kidogo kila nusu mzunguko, na mkononi nilihisi mkwaruzo, kama mchanga kwenye mawe ya kusagia.

Nilimleta fundi mwingine nyumbani, kwa sababu kutoka kwangu hadi barabara kuu ni mteremko. Tulipoishusha altaneta, sehemu yake ya nyuma ilikuwa nyeusi na imelowa oili, hata vumbi lilikuwa limegandana juu yake kama lami. Tulipofungua kifuniko cha pampu, pezi moja lilikuwa limevunjika pembeni na mengine yamelika kwa mshazari, na ukutani kulikuwa na michirizi ambayo ukucha unaikamata. Kilichokuwa kikigonga ni kile kipande kilichovunjika, kikitupwa huku na huku ndani ya chumba.

Nilikumbuka maneno ya DizeliIringa kuhusu kiu. Tuliondoa bomba jembamba la oili na kujaribu kulipulizia kwa mdomo; hewa haikupita. Boliti yake yenye tundu ilikuwa imezibwa na tope gumu la oili, rangi ya kahawa iliyoungua. Hilo ni kosa langu mwenyewe, na nalieleza waziwazi: katika msimu wa mvua uliopita nilikuwa nikipitisha kilomita 9,000 bila kumwaga oili, nikiamini kwamba kuongezea kunatosha. Oili chakavu haikuathiri tu zile sehemu kubwa za injini ambazo kila mtu anazifikiria, bali ilianza kwa kuziba njia nyembamba kuliko zote.

Tulipata pampu nzima iliyotumika lakini safi, yenye mapezi mazuri, tukabadilisha bomba jembamba, boliti na washa zake, pamoja na bomba la mpira la kurudishia oili ambalo lilikuwa limekauka na kupasuka juujuu. Kabla ya kufunga, fundi alitia oili kidogo ndani ya pampu ili isianze kuzunguka ikiwa kavu, kisha tukamwaga oili yote ya injini na kubadilisha chujio. Gharama yote, pamoja na ufundi, haikufika hata sehemu ya kumi ya ile niliyotajiwa mwanzo. Sasa pedali inazama mara tu ninapowasha, na kelele ya kokoto haipo.

Nimebaki na swali moja. Asubuhi bado kuna mlio mwepesi wa kugonga kwa dakika mbili tatu za kwanza, tofauti kabisa na ule wa zamani, kisha unakwisha wenyewe. Je, niuhofie?

DizeliIringa alijibu:

Hongera sana, kaka. Mlio huo wa dakika za kwanza, kwa injini ya dizeli kwenye baridi ya Njombe, mara nyingi ni wa kawaida. Dizeli haiwashwi na cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na kwenye 5L hewa inabanwa mara 22 hivi. Kuta za silinda zikiwa za baridi, dizeli inachelewa kidogo kuwaka, inajikusanya, kisha inalipuka kwa pamoja badala ya kuungua taratibu. Mlipuko huo ndio unaousikia. Hata hivyo, pima hita plagi zako nne, zile zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha, kwa kuwa moja ikifa silinda yake itagonga zaidi ya nyingine na kutoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi. Ukiona mlio huo umeendelea hata injini ikiwa ya moto, rudi kwenye kipimo cha kulegeza nati.

MzeeWaSpana alijibu:

Nimefurahi, kijana wangu, hasa kwa kuwa hukushuka nalo Kitonga likiwa katika hali ile.

Fanya mambo mawili. Kwanza, oili uliyotia sasa imwage mapema, usizidishe kilomita 2,000, kwa sababu itaosha tope la zamani na kulibeba. Baada ya hapo rudi kwenye kilomita 5,000 bila kukosa. Pili, ukitembea kilomita 500 fungua boneti, pitisha kidole chini ya kila ungio la mabomba yale mawili ya oili na kagua ukazo wa mikanda, kwa maana mikanda mipya na hata iliyovuliwa na kurudishwa hulegea kidogo. Bomba la oili la pampu hiyo likipasuka safarini linaweza kuikausha injini kabla hujaitazama taa, na hapo ndipo beringi za konrodi zitakapogonga kweli.

MicheNjombe aliandika:

Nimeyaandika yote kwenye daftari la gari, mzee. Miche inaondoka Alhamisi. Nitakagua yale maungio nitakapofika Iringa, kabla sijaanza kushuka.